Muvi za Kikristo: Kwa Nini Zingine Hukugusa na Zingine Hukuchosha Kabla ya Dakika ya Kumi

Kuna muvi za Kikristo unaanza kucheki na kabla dakika kumi ziishe ushajua mwisho. Mlevi ataokoka. Bibi atamsamehe. Profesa asiyeamini Mungu ataaibishwa mbele ya darasa. Wewe unabaki tu kungoja wafike. Halafu kuna zile unaanza ukiwa umekunja sura, ukidhani ni zile zile, na baadaye unajipata umenyamaza kwa kochi, simu umeweka kando, na mara ya mwisho kuingia kanisa ilikuwa Krismasi.

Wasee wengi husema tofauti ni doh. Ati muvi za kanisa ni mbovu juu hazina bajeti. Zi. Kuna zilizoshutiwa na pesa ya kununua gari moja zikabamba mbaya, na kuna iliyopewa dola milioni 100 ikaanguka. Shida kubwa ni woga. Watengenezaji wengi wanaogopa kuacha shaka na uchungu vikae kwa skrini, wanakimbilia kuvifuta haraka ndio mtazamaji asije akajikwaa. Tutafika hapo. Kwanza tuongee pesa, maana stori ya hizi muvi huwezi kuielewa bila kujua nani hununua tiketi.

Kanisa ndio soko

Mel Gibson alipotaka kutoa The Passion of the Christ, studio kubwa za Hollywood hazikutaka kuigusa. Muvi nzima iko kwa Kiaramu, Kiebrania na Kilatini, unasoma maandishi chini, na damu ni mingi hadi Marekani ikapewa kiwango cha watu wazima. Gibson akaitengeneza na pesa yake, kama dola milioni 30. Kabla haijatoka aliwaonyesha wachungaji na viongozi wa makanisa, wao wakaenda kuwaambia waumini wao. Ilitoka Februari 25, 2004, siku ya Jumatano ya Majivu, na kuna makanisa yaliyonunua ukumbi mzima. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani. Viongozi wengi wa Kiyahudi walilalamika venye iliwaonyesha watu wao, na hilo lalamiko halijaisha hadi leo. Lakini kibiashara Hollywood iliamka. Kumbe kuna watu mamilioni hawaendangi sinema, na mchungaji akisema twendeni, wanaenda.

Sasa cheki hii ya Sherwood. Sherwood Baptist ni kanisa la mji unaoitwa Albany, jimbo la Georgia. Alex Kendrick alikuwa mchungaji msaidizi hapo, na yeye na ndugu yake Stephen wakaamua kushuti muvi. Ya kwanza, Flywheel ya 2003, ilikula kama dola 20,000, na inahusu jamaa wa kuuza magari anayewakanyagia wateja. Facing the Giants ya 2006 ilitumia kama dola 100,000 ikarudisha zaidi ya milioni 10. Fireproof ya 2008 ilikuwa na bajeti ya nusu milioni, ikapata zaidi ya milioni 33. Waigizaji wengi na watu wa kazi nyuma ya kamera walikuwa waumini wa kujitolea, yaani mama wa kwaya ndiye anapika chakula cha seti. Hata steringi wa Fireproof, Kirk Cameron, hakulipwa mshahara wa kawaida. Na kuna stori moja ya hiyo muvi inabamba hadi leo: Cameron hataki kubusu mwanamke mwingine, kwa hivyo ile busu ya mwisho alivalishwa bibi yake halisi nguo za mwigizaji mwenzake, wakashuti kivuli tu.

War Room ya 2015 ilikuja na dola milioni 3, ikafika namba moja Marekani wikendi yake ya pili na kuvuka milioni 67 huko kwao. Hakukuwa na staa yeyote mkubwa ndani.

Ukielewa hiyo hesabu utaelewa pia kwa nini pesa kubwa hushindwa. Ben-Hur ya 1959 ilibeba Oscar 11. Studio wakairudia 2016 kwa dola milioni 100, na duniani kote haikurudisha hata hiyo milioni 100, na kumbuka kumbi za sinema hukata share yao kabla studio ione kitu. Noah ya Darren Aronofsky ya 2014 ilifanya vizuri kwa pesa, zaidi ya milioni 350, lakini nyingi zilitoka nje ya Marekani. Waumini wengi wa huko walitoka wakiuliza hao malaika wa mawe wametoka kitabu gani. Msee wa kanisa ana pua kali. Anajua mara moja kama wewe unaheshimu stori yake ama umekuja tu kutafuta pesa ya sadaka.

Sasa hapo ndipo mtego uko. Kama kanisa litanunua tiketi hata muvi ikiwa mbaya, mbona ujisumbue kuifanya kuwa nzuri?

Ile stori ya profesa

God's Not Dead ya 2014 ndio mfano mzuri kuliko zote, maana iliomoka kabisa. Bajeti dola milioni 2, mauzo ya Marekani karibu milioni 60. Kijana anaingia chuo, profesa wa falsafa anaambia darasa lote liandike kwamba Mungu amekufa, kijana anakataa, wanaanza mjadala wa siku kadhaa.

Ndani ya hiyo muvi kuna kitu kimoja cha ukweli kabisa. Profesa Radisson, anayeigizwa na Kevin Sorbo, aliwahi kuamini. Akiwa na miaka 12 mamake alikuwa anakufa na kansa, akaomba, na mathe akaenda. Hebu simama hapo kidogo. Huyo ni mtoto. Kuna watu wangapi unawajua kwa mtaa wenu walipitia hiyo kitu kamili, wakakesha kuombea mzazi pale Kenyatta, na bado wakarudi nyumbani na kitambulisho cha marehemu? Hilo ndilo swali gumu kuliko mengine yote kwa imani, na muvi ililishika mkononi.

Halafu ikafanya nini nalo? Ikaligeuza kuwa pointi ya mjadala. Kijana anamkaba profesa kwa nini amchukie mtu asiyekuwepo, darasa linasimama upande wa kijana, mchezo umeisha. Baadaye profesa anagongwa na gari kwa mvua, na pale barabarani akiwa anakufa, wachungaji wawili wanamwongoza sala. Huku upande wa pili wa mji kuna konsati, watu wanaruka. Wengine nje wasioamini wanaletwa kwa muvi ndio washindwe, wapigwe, ama wagonjeke. Baba Mwislamu anampiga na kumfukuza bintiye. Hakuna hata mmoja wao anapewa siku ya kawaida, ya kukunywa chai na kuwa mtu mzuri tu.

Kama umeokoka, ulitoka umeshangilia. Kama una rafiki Mwislamu ama beshte aliyeacha kanisa, huwezi kumwalika aione bila kuchomeka. Na wateja wenyewe walichoka. Ya pili, ya 2016, ilipata karibu milioni 20 huko Marekani. Ya tatu, ya 2018, haikufika milioni 6.  Kilichopungua ni hamu ya kulipia muvi ile ile.

Left Behind ya 2014 ni anguko la aina yake. Walikuwa na Nicolas Cage, vitabu vilivyouza mamilioni ya nakala, na stori ya Unyakuo, kitu ambacho mtoto yeyote wa Sunday school ashawahi kuota usiku akaamka akiita mamake. Dola milioni 16. Marekani ilipata kama 14, na wakosoaji waliikanyaga vibaya. Dunia inaisha na sisi tumefungiwa ndani ya ndege tukiangalia Cage akishika usukani.

Maombi yakigeuka M-Pesa

Kosa linalorudi rudi kwa hizi stori ni hili: mhusika anaomba, jibu linaingia. Kama M-Pesa. Umetuma, subiri kidogo, umepokea.

Facing the Giants ni muvi naipenda kiasi, na lazima niseme ukweli wake. Kocha ana timu inayoshindwa, gari bovu, nyumba inanuka, na yeye na bibi yake hawapati mtoto. Anamgeukia Mungu. Timu inashinda taji la jimbo, anapewa gari, mshahara unapanda, na bibi anashika mimba. Yote. Hakuna hata moja iliyobaki. Ukiwa umemaliza kozi 2021 na bado unatembea na bahasha ya CV, ama umefunga kula siku saba ukiombea mtoto na bado, hiyo muvi inakuambia nini? Inakuambia hukuomba vizuri.

Lakini ndani ya muvi hiyo hiyo kuna ile klipu unaijua hata kama hujui ilitoka wapi: kocha anamfunga macho mchezaji wake, Brock, anamwambia atambae na mwenzake mgongoni, na jamaa anatambaa uwanja mzima, yadi 100, akilia kwamba mikono inaungua. Makocha wa raga, walimu wa shule, wasee wa gym wasioingia kanisa, wote wameisambaza. Hapo hakuna muujiza. Kuna mtu anaumia na mwingine analala chini kando yake akimpigia kelele asiache.

Linganisha pia na War Room. Kuna mahali Tony yuko kwa dina na dame mwingine, nyumbani bibi yake anaomba, na ghafla tumbo linamkata Tony, anakimbia choo. Watu sinemani walicheka, sawa. Lakini huyo jamaa hakuchagua kitu. Skripti ndiyo ilichagua, ikamuumiza tumbo. Baadaye, akiwa ashafutwa kazi, Tony huyo huyo anarudi kwa bosi wake kukiri kwamba alikuwa anaiba dawa za kampuni, anazirudisha, na anajua anaweza kufungwa. Hiyo ndio sehemu muvi inasimama. Toba imemgharimu, na hakuna aliyemlazimisha.

Fireproof inashikilia juu ya kitu kama hicho. Caleb, mzima moto, ameweka akiba ya dola 24,000 anunue mashua. Ndoa inaenda chini, na yeye ni mtumwa wa picha chafu mtandaoni. Mama ya bibi yake anahitaji kitanda na kiti cha wagonjwa, na bibi anadhani daktari fulani anayemkatia ndiye alilipa. Kumbe ni Caleb, na pesa ni ile ya mashua, na hakusema. Uigizaji ni wa kanisa, taa ni za kanisa, na bado hiyo sehemu inakushika koo.

Kuna jambo lingine kuhusu War Room ambalo madem wengi wamelisema na wako sahihi. Muvi inamfundisha mke aingie kabati aombe, na mume anabadilika. Tony hampigi bibi yake, lakini anamtusi na kumtisha. Dada yako akiwa kwa keja na mwanaume wa kumchapa, na ameona hiyo muvi mara tatu na chama cha akina mama, atasikia kwamba kazi yake ni kuomba na kukaa. Muvi ya imani huingia kwa maisha ya watu kuliko muvi ya kawaida, juu mtazamaji anaichukua kama mahubiri. Mwandishi anafaa kuliwaza hilo kabla ya kushuti.

Waliothubutu kuacha swali wazi

I Can Only Imagine ya 2018 ni stori ya kweli ya Bart Millard wa bendi ya MercyMe. Babake, Dennis Quaid ndiye anamwigiza, alikuwa mkali hadi wa kumpiga mtoto. Mzee anaokoka, anakuwa mpole, anapika breakfast, anataka kuanza upya. Kwa muvi nyingi hapo wangekumbatiana na gita ilie. Hapa kijana anakasirika. Anamwambia babake kwamba Mungu anaweza kumsamehe, lakini yeye hawezi. Kila mtu mwenye buda aliyechelewa kubadilika anajua hiyo hasira: ulikuwa wapi nikiwa mdogo? Bajeti ilikuwa dola milioni 7, mauzo yakapita 80.

Halafu The Chosen. Dallas Jenkins, aliyeianzisha, ni mtoto wa Jerry B. Jenkins, mmoja wa waandishi wa vile vitabu vya Left Behind. Januari 2017 muvi yake The Resurrection of Gavin Stone ilianguka sinemani, na amewahi kusema hadharani kwamba alidhani kazi imeisha. Akashuti filamu fupi ya mchungaji wa kondoo kwa shamba la rafiki yake Illinois, ya ibada ya Krismasi kanisani kwao. Ikawekwa mtandaoni, na watu zaidi ya 16,000 wakachanga zaidi ya dola milioni 10 ndio msimu wa kwanza utengenezwe. Watazamaji wenyewe wakawa wawekezaji, na vipindi vikatolewa bure kwa programu ya simu.

Lakini mchango haungeshikilia misimu yote hiyo kama stori ingekuwa ile ya Yesu anayetembea juu juu kama sanamu. Yesu wa Jonathan Roumie anacheka, anachoka, anatania watu. Mathayo ni mtoza ushuru anayeonyeshwa akiwa na dalili za usonji. Maria Magdalena anaponywa, halafu msimu wa pili anarudi kwa pombe na kamari, na inabidi aende kumwangalia Yesu usoni.

Na kuna kipindi cha pili cha msimu wa tatu. Yakobo Mdogo anaigizwa na Jordan Walker Ross, ambaye ana ulemavu wa kweli na anachechemea. Yesu anawatuma wanafunzi waende kuponya wagonjwa. Yakobo anabaki nyuma anamuuliza: mimi mwenyewe hujaniponya, nitaendaje kuponya wengine? Anajibiwa kwa upole mwingi. Haponywi. Anaondoka akichechemea vile vile, kazini. Mtoto wa Profesa Radisson angepewa dakika kama hizo, God's Not Dead ingekuwa muvi nyingine.

Usidhani basi kwamba ukweli peke yake hulipa. Martin Scorsese alikaa zaidi ya miaka 25 akitaka kutengeneza Silence, kuhusu mapadre Wajesuti Japani ya karne ya 17 wakiteswa wakane imani, na Mungu amenyamaza. Ilitoka 2016, ilitumia zaidi ya dola milioni 40, ikapata kama 24. Ni muvi nzito kuliko zote nilizotaja. Makanisa hayakukodisha mabasi kwenda kuiona.

Huku kwetu

Muvi ya Kikristo iliyoonwa sana mashinani Kenya pengine haikuwa sinemani kabisa. Jesus ya 1979, iliyofuata Injili ya Luka, Brian Deacon akiwa Yesu, imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 2,000. Muulize mathe wako. Jenereta, shuka jeupe limetundikwa uwanjani, na Yesu anaongea Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo ama Kikamba. Mwendo wake ni wa pole na waigizaji wamevaa ndevu za kushukiwa, lakini lugha ilikuwa ya nyumbani. DJ Afro alituonyesha jambo hilo hilo kwa vibanda vya muvi: mpe msee stori kwa lugha yake na atalipa kuingia.

Nigeria walikwenda mbali zaidi. Mike Bamiloye alianzisha Mount Zion 1985 kama kundi la maigizo ya injili, wakaingia kwa video mapema miaka ya 90 na Agbara Nla. Kanda zilizunguka kutoka kanisa hadi kanisa, na siku hizi muvi zao nyingi ziko YouTube bure. The Train ya 2020 inasimulia maisha yake na venye huduma ilianza. Hawa hawaogopi giza. Pepo, laana, njaa, aibu, vyote viko kwa skrini, na ndio maana hata asiyeokoka huangalia.

Ila kuna tabia moja ya muvi za injili za Nollywood hatufai kuikopa kichwa kichwa: yule nyanya wa kijijini ambaye siku zote ndiye mchawi. Kisii na Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Ukishuti hapa muvi ambayo shida yote ya kijana iliisha siku shosho alianikwa, ujue kuna mahali itaangaliwa na watu walio na shosho nyumba ya tatu kutoka hapo.

Na kama wewe ni wa drama ya kanisa na mbogi yenu inapanga kushuti, anzeni na sauti. Picha ya simu watu watavumilia, lakini mic inayonasa matatu na jogoo wa jirani itawafukuza. Sheria ya filamu, Sura ya 222, inataka leseni ya kushuti, na muvi ipewe kiwango cha umri na KFCB kabla ya kuonyeshwa kwa umma, hata kama ukumbi ni kanisa lenu na kiingilio ni chwani. Skripti ikiisha, msiipeleke kwa pasta kwanza. Pelekeni kwa yule beshte wenu aliyeacha kuja, mwambie asome sehemu za mhusika asiyeamini peke yake. Akisema hakuna mtu anaongeanga hivyo, andikeni tena hizo kurasa kabla mkodishe kamera.